Kwenda kwa marafiki na kitanda changu

Ninapopanga safari, kitu cha kwanza ninachofungua ni orodha ya namba za simu. Ramani hufuata baadaye. Naangalia nani yuko wapi siku hizi, nani sijamwona tangu watoto wake wakiwa wachanga, nani alihama baada ya kustaafu, nani aliuguza au alifiwa na mimi nikaishia kumtumia ujumbe wa pole. Nikipata majina kadhaa yanayoweza kuunganishwa kwa barabara, basi nina safari. Milima na maziwa nitayaona njiani, na huyafurahia sana, ila hayajawahi kuwa sababu ya mimi kuwasha gari.

Nasafiri peke yangu, kwa gari-nyumba. Zamani lilikuwa gari la mizigo, kisha likatengenezwa ndani: kitanda nyuma, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo, choo ambacho kasha lake huchomolewa kwa nje na kwenda kumwagwa, tangi la maji safi la lita 100 na jingine la maji machafu chini ya sakafu. Betri ya injini iko peke yake na ya nyumba iko peke yake, ili taa uliyosomea usiku isikuzuie kuondoka asubuhi. Nilianza baada ya kustaafu, nilipoona kwamba watu niliokuwa nikiwaita marafiki zangu wa karibu nilikuwa nawajua kwa sauti ya simu tu, sura zao nimeanza kuzisahau.

Kabla ya hapo niliwatembelea kama wafanyavyo watu wote, kwa basi au ndege, begi mkononi. Kila mara nilipokelewa vizuri. Lakini mgeni wa begi anahitaji kitanda, na kitanda hicho mara nyingi kina mwenyewe. Mtoto anahamishiwa sebuleni, shuka zinabadilishwa, zamu za bafuni zinapangwa upya, mwenyeji anajilazimisha kuamka mapema ili ukiamka ukute kila kitu tayari. Kwa umri wetu huu mambo hayo yamezidi kuwa mazito. Wapo waliohamia nyumba ndogo, wapo wanaokaa kwa watoto wao, wapo wanaomuuguza mume au mke na nyumba nzima inakwenda kwa ratiba ya dawa. Mtu anakwambia "karibu sana" kwa moyo wake wote, huku kichwani anahesabu magodoro. Nilikuwa naisikia hesabu hiyo kwenye simu, katika kile kimya kifupi kinachotangulia jibu.

Siku hizi naomba kitu kimoja tu: mahali pa kuegesha. Kitanda ninacho, shuka ninazo, maji na choo ninavyo. Kile kimya kimeondoka. Anayenijibu hujibu papo hapo, na mara nyingi ananiuliza kwa nini nisije mapema zaidi. Kwa hilo peke yake nalipenda gari hili kuliko starehe yoyote iliyomo ndani yake.

Mwanzoni wengine huona kama nawadharau. "Yaani vyumba vipo, halafu wewe ulale uani?" Naielewa hisia hiyo na siipuuzi. Huwaambia kwamba mchana mimi ni wa ndani kabisa: nitakula nao, nitaosha vyombo, nitakaa na watoto, nitaoga kwao wakiniruhusu. Usiku waniachie kitanda changu, maana mgongo umekizoea, na nikiamka saa tisa kumeza dawa simgutushi mtu. Ukishapita usiku wa kwanza hakuna anayelirudia suala hilo. Asubuhi wao wenyewe wameamka wamepumzika.

Sasa, gari la namna hii si la kuingia nalo popote. Langu lina kimo cha mita 2.9 na linakaribia tani tatu na nusu likiwa limejaa. Vipimo vyake nimeviandika kwenye kikaratasi mbele ya usukani, kimo na upana, na upana nilioandika ni wa kioo hadi kioo, kwa sababu ule wa kwenye kitabu cha gari hauhesabu vioo vya pembeni. Rafiki anayeishi kwenye nyumba yake miaka ishirini hajui waya wa umeme unapita juu ya lango kwa urefu gani. Hajawahi kuwa na sababu ya kujua. Ukimuuliza kama gari litaingia atakwambia litaingia, na anasema kweli kwa kadiri ya macho yake: tawi lililo juu ya kichwa chake yeye halioni. Kwa hiyo huomba picha mbili. Moja ya lango kutokea barabarani, nyingine apigwe mtu akiwa amesimama katikati ya njia, ionyeshe mpaka juu. Mtu aliyesimama ndiye rula yangu.

Swali lingine ni la chini ya ardhi. Karo liko wapi? Mfuniko wa shimo la maji taka uliomwagiwa zege kwa ajili ya watu kupita haukujengwa kubeba tani tatu na nusu, na mara nyingi umefunikwa na majani au kokoto ambazo zinaonekana kama mahali pazuri mno pa kuegesha. Kwa nyumba za zamani humwomba mwenyeji atembee na mimi tukiangalia, kabla gurudumu halijavuka lango.

Kurudi nyuma ukiwa peke yako ni somo kubwa kuliko yote ya udereva. Kamera ya nyuma inaona bampa na ardhi, haioni tawi wala paa la veranda. Sehemu ya gari iliyo nyuma ya ekseli nayo hufagia upande wa pili unapokata kona, kwa hiyo unaweza kuwa unatazama kushoto kwa makini wakati kulia unakwangua ukuta. Mimi hushuka. Nashuka mara nyingi kadiri inavyohitajika, nazunguka gari zima, naweka tofali pale ninapotaka tairi la nyuma lisimame, narudi ndani, nasogea kidogo, nashuka tena. Sioni haya hata kama majirani wametoka kutazama. Mwenyeji akitaka kuniongoza, nakubaliana naye jambo moja kabla sijaingiza gia: nisipomwona kwenye kioo changu, nasimama. Ajitahidi kuonekana, na asikae nyuma ya gari hata kidogo, hata kama anadhani anayo nafasi ya kutosha.

Nikishaegesha, naweka pimamaji ya fundi sakafuni na kupandisha tairi za upande ulio chini juu ya vibao vyake. Si anasa hiyo. Friji za gesi za aina yangu hazipoozi vizuri gari likiegemea upande mmoja, na ukilala kichwa kikiwa chini kuliko miguu utaamka unaumwa.

Sifiki kwa mtu usiku, na sifiki nimechoka. Hii nairudia kwa kila anayeniomba ushauri. Ikiwa barabara ni ndefu, nalala mahali halali pa kulala magari kiasi cha saa moja kabla ya kwa rafiki, nafika asubuhi nikiwa nimeoga na nimekula. Mwendeshaji wa peke yake hana wa kumpokea usukani, hana wa kumwambia "pumzika, umeanza kusinzia". Gari refu la ubavu bapa husukumwa na upepo wa pembeni, na lori kubwa likikupita unasikia hewa yake ikikusukuma na kukuvuta, hivyo mikono inafanya kazi muda wote. Baada ya saa tatu au nne kwa siku mimi nimemaliza. Rafiki niliyemkosa miaka kumi hastahili kupokea mabaki yangu.

Kulala huko njiani kabla ya kufika kuna faida nyingine: namwaga maji machafu na kasha la choo mahali panaporuhusiwa, na najaza maji safi. Simfikii mtu na uchafu wangu. Rafiki mkarimu atakwambia mwaga tu kwenye karo letu, na hapo mimi hukataa kwa adabu, kwani baadhi ya dawa za kuondoa harufu katika vyoo vya magari, hasa zenye fomaldehaidi, huua vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha ndani ya karo. Unaondoka, unawaachia karo lililokufa, nao hawatajua sababu. Maji ya kuoshea vyombo nayo siyaelekezi kwenye mfereji wa mvua.

Umeme ni jambo ambalo watu hulichukulia kirahisi. Palipo na umeme wa volti 230, soketi ya kawaida inayobeba ampea 10 hutoa wati 2,300 na si zaidi. Birika moja la umeme linaweza kula wati 2,000 peke yake. Ukiongeza hita, umemkatia mwenyeji wako umeme akiwa katikati ya kupika. Kwa hiyo nikiunganisha kwake, nachaji betri tu, ambayo kwa chaja yangu ya ampea 20 ni kama wati 300, na maji nachemsha kwa gesi. Waya mrefu wa ekstensheni naukunjua wote hadi mwisho hata kama soketi iko hatua mbili, kwa sababu waya uliobaki umezungushwa kwenye kibiringo hupata joto, na ukibebeshwa mzigo mkubwa huweza kuyeyuka. Mara nyingi siunganishi kabisa. Sola iliyo juu ya paa inanitosha kwa taa, pampu ya maji na simu, mradi nisiegeshe chini ya mti. Wenyeji wote hukupeleka kivulini, kwa huruma yao, nami hulazimika kueleza kwamba ninahitaji jua.

Kuhusu gesi nitasema kidogo ila nisikilizwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka sakafuni, na matundu yaliyowekwa chini ya gari ni ya kuitoa; yasizibwe kwa sababu ya baridi. Jiko si la kuotea moto. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, haina harufu wala rangi, na anayelala peke yake hana wa kumwamsha, kwa hiyo king'ora chake ni kitu cha lazima, nami hukibonyeza kukijaribu kila ninapoanza safari. Mtungi naufunga kabla ya kuwasha injini. Na anayeelekea kwenye baridi kali ajue kwamba mitungi hujazwa gesi za aina mbili: butani huacha kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi sifuri, wakati propani huendelea hadi kama nyuzi 42 chini ya sifuri.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya kuondoka huitaja kwenye simu ileile ninayoombea kuja. "Nitafika Jumanne asubuhi, nitaondoka Alhamisi baada ya kifungua kinywa." Wengine hukasirika kidogo, wanasema usijiwekee kikomo. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mwenyeji anayejua siku ya kuagana hujiachia. Hahitaji kujipima nguvu. Anapanga mambo yake, anakupa muda wake wote kwa siku hizo mbili, na mazungumzo mazito hayaahirishwi. Nikiombwa nibaki na naona ombi limetoka moyoni, nabaki usiku mmoja zaidi. Jembe nalishika tangu siku ya kwanza: kuna kabati la kupangwa, kuna fomu za pensheni za kujazwa, kuna mjukuu wa kufundishwa hesabu.

Nilikwenda kwa rafiki yangu mmoja miezi michache baada ya mumewe kufariki. Mchana wa kwanza ulikuwa wa wageni. Majirani waliingia na kutoka, watoto wake wakubwa walikuwapo, naye alikuwa imara, akihudumia kila mtu, akicheka pale panapostahili. Nikajiambia labda anaendelea vizuri. Usiku, kama saa tano, nikasikia kidole kikigonga dirisha la gari. Alikuwa amejitanda shuka, na mkononi ana kikombe kitupu. Nikashusha ngazi, akapanda. Kiti cha abiria cha mbele cha gari langu huzungushwa kikaangalia ndani. Akakaa hapo, akakunja miguu, nikachemsha maji.

Hakusema kitu kwa muda mrefu. Nami sikumuuliza. Halafu akasema, "Dada, kule ndani kila kiti ni chake. Hapa hakuwahi kukaa."

Alilia hapo mpaka akamaliza. Mapazia ya gari yalikuwa yamefungwa, watoto walikuwa wamelala, hakuna aliyemsikia wala wa kumwambia ajikaze. Aliongea mambo ya hospitali ambayo hakuwahi kumwambia mtu, jinsi alivyotoka chumbani dakika chache kwenda kujibu simu na kurudi akakuta yamekwisha. Usiku uliofuata alikuja tena bila kugonga, kwa kuwa niliiacha taa ya ngazi ikiwaka.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Ningekwenda na begi ningelala kwenye chumba cha wageni, mlango kwa mlango na watoto wake, na yeye angebaki mwenyeji wangu mpaka naondoka. Uani, ndani ya gari, yeye ndiye alikuwa mgeni. Mimi ndiye niliyefungua mlango, mimi niliyempa kikombe. Mtu aliyezoea kuhudumia wengine hawezi kupumzika ndani ya nyumba yake mwenyewe. Anahitaji kutoka, japo kwa hatua kumi. Tangu hapo nikifika kwa mtu mwenye msiba, mwenye mgonjwa, au mwenye ndoa inayomwelemea, natafuta namna ya kumwambia kwamba mlango wangu uko wazi usiku. Sisemi zaidi ya hapo. Wengi huja.

Si kila mtu anaweza kupanda, kwa kweli. Ngazi ya kwanza ya gari langu iko juu kwa mtu mwenye magoti mabovu. Rafiki yangu mwingine, fundi magari kwa maisha yake yote, alipata kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kulia na kuyafanya maneno yake yawe mazito. Shemeji alinionya kwenye simu kwamba siku hizi haongei, anatazama tu ukuta. Nikaegesha karibu na veranda yao, nikafungua mlango wa ubavuni, nikamwekea kiti kivulini karibu na gurudumu la mbele.

Alikaa kimya akilitazama tairi. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaupitisha kwenye ukuta wa tairi taratibu, kidole gumba kikifuata nyufa ndogondogo ambazo mimi nilikuwa nazichukulia kuwa ni vumbi. Akagusa mahali palipochapwa tarakimu nne ndani ya duara refu. "Soma," akaniambia. Nikasoma. Kwa shida, neno moja moja, akanifundisha: tarakimu mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Magari ya kawaida huchakaza meno ya tairi kwa kutembea. Gari-nyumba hukaa limeegeshwa miezi, jua likiunguza mpira upande mmoja, uzito wote ukiwa pale pale, hivyo tairi huzeeka na meno yake bado marefu. Tairi linaonekana jipya na ndani limeshachoka. Akataka tuzunguke yote. Nikamsogezea kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu, naye kila mahali akapitisha kidole gumba, akasoma, akatoa hukumu. Mawili aliyakataa kabisa.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, kitambaa cha vyombo mkononi. Baadaye aliniambia hajamsikia mumewe akisema maneno mengi kiasi hicho tangu atoke hospitali.

Niliyabadilisha yale mawili katika mji uliofuata na nikampigia simu kumsomea tarakimu za mapya. Tangu siku ile, kabla ya kwenda kwa mtu, mimi hujiuliza ni kitu gani ninacho ambacho yeye anaweza kunisaidia. Zawadi huwa nabeba, lakini mtu aliyekaa mwaka mzima akipokea misaada ana njaa ya kutoa. Gari-nyumba, kwa bahati, lina matatizo ya kumtosha kila mtu: bawaba iliyolegea, pazia la kushonwa, pampu inayotoa mlio, kitabu cha maelekezo kisichoeleweka.

Kuna mahali pia ambapo urafiki umekwisha na hakuna aliyetangaza. Nimewahi kufika kwa mtu nikaona anatazama saa, majibu yake mafupi, mwenzake hajatoka chumbani. Hakuna ubaya uliotendeka. Watu hubadilika, na wema wa zamani unabaki kuwa wema. Hapo ndipo gari linapokuwa heshima kwa pande zote mbili: nashukuru, nasema barabara ni ndefu, naondoka kabla ya jioni bila yeyote kudanganya. Mgeni aliyekuja kwa basi la asubuhi, na basi la kurudi ni kesho kutwa, hana njia hiyo.

Katikati ya rafiki mmoja na mwingine kuna siku za kuwa peke yangu, nami nazipenda. Ila nimejifunza kuzipima. Ukimya wa siku kadhaa humfanya mtu afike na maneno mengi mno, akaanza kumwaga habari zake kabla hajauliza hali. Siku moja kabla ya kufika huwa nampigia mtu simu ndefu, dada yangu kwa kawaida, ili nifike nikiwa tayari kusikiliza.

Usalama wa usiku wa njiani ninao utaratibu wangu. Naegesha pua ikitazama njia ya kutokea. Sitoi nje kitu ambacho siwezi kukiacha. Kiti cha dereva hakiwekwi kitu, na ufunguo una mahali pamoja ambapo mkono wangu unapajua gizani. Nikitoa viti nje natoa viwili, hata kama ni mimi tu. Mahali pakinitia wasiwasi siulizi sababu, naondoka.

Na kuna mnyororo wa simu. Rafiki ninayetoka kwake na rafiki ninayekwenda kwake nawapa namba za kila mmoja, kwa ridhaa yao. Nikilala njiani, wote wawili wanajua ni wapi. Ikifika saa nne asubuhi sijatoa taarifa, anayenisubiri anampigia aliyeniaga, wanaulizana, na mmoja wao ana orodha ya hatua: namba ya gari, rangi, mahali nilipolala, namba ya dada yangu. Hatujawahi kuihitaji orodha hiyo. Mnyororo wenyewe lakini umefanya kazi ambayo sikuitarajia.

Yule mjane na rafiki mwingine wa upande wa pili wa njia yangu walianza kupigiana kwa sababu yangu, "amefika?", "bado, ametuma ujumbe yuko kwenye foleni". Baada ya safari mbili tatu wakawa wanapigiana hata nikiwa nyumbani. Safari moja mjane akaniuliza kama anaweza kupanda twende wote hadi kwa mwenzake, arudi kwa basi. Gari langu lina mikanda miwili tu, yote mbele, na mtu hasafiri akiwa amelala kitandani nyuma gari likitembea; nafasi ilikuwapo moja, akaichukua. Kilichotusumbua ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi lililojaa ni kilo 100, na katika nchi nyingi, zikiwemo za Ulaya, leseni ya kawaida ya gari dogo huishia kwenye gari la kilo 3,500. Wenyeji wanaokuaga nao hukujazia gari: magunia, ndoo, vyungu vya maua. Tulipita kwenye mizani ya malori, tukamwaga maji yakabaki ya kunawa tu, zawadi nyingine tukaziacha kwa jirani yake, tukaondoka halali.

Walikaa pamoja wiki nzima mimi nikiwa nimeshaendelea na njia yangu. Sasa wanatafuta gari la kukodi, wao wawili, na wamenitumia ujumbe wakiuliza waanzie wapi. Nimewajibu wamuulize mwenye gari lina mikanda mingapi, linabakiza kilo ngapi watu na maji yakishaingia, kimo chake kwa mita, na king'ora cha kaboni monoksaidi kimejaribiwa lini; halafu waende wenyewe wakapitishe kidole gumba kwenye kila tairi na kusoma zile tarakimu nne. Kituo chao cha kwanza ni kwangu. Jana wameniomba picha mbili za lango langu, na baada ya kuzitazama mimi mwenyewe kabla ya kuzituma, nimemwita mtu aje Jumamosi kupunguza matawi.